Asali ya Mchu

Bi Zuhura amekufa. Alifariki Alhamisi alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo kama dini yake inavyoagiza, nami habari zilinikuta jioni nikiwa nachambua maharage uani kwangu hapa Mpemba, jirani na mpaka wa Tunduma. Kwao ni kule mto Rufiji unakogawanyika vijito vijito kabla ya kuingia baharini, safari ya siku mbili, au tatu kama mtumbwi haupatikani, kwa hiyo hata ningekuwa na mabawa nisingewahi kumtupia udongo. Nililia, nikanawa uso, kisha nikamalizia maharage yangu, maana nilishayaanza na watu wa nyumbani walitaka kula. Baada ya arobaini binti yake, Mwanaidi, akapanda mabasi kuja huku, kwa kuwa mama yake alimuusia asiache kufika kwangu. Amefika jana akiwa amevimba miguu. Nimemlaza chumba cha wageni na kumfunika mablanketi mawili, maana watu wa pwani hawana ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa baridi yetu. Usingizi umeniruka tangu alfajiri, na kwa kuwa sijui kukaa bila kufanya jambo, nimechukua daftari niandike juu ya ule mwaka mmoja niliokaa na mama yake ukuta kwa ukuta.

Habari za kwetu Itaka, huko Mbozi, za baba na kahawa yake na ndugu zangu tulivyokuwa wengi, naziacha. Kila mtu ana baba, na wa kwangu hakuwa na la ajabu. Nianzie chumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Songwe ikiwa bado haijawa mkoa, sote tukihesabiwa watu wa Mbeya, na ilikuwa ile miaka ya ruksa, mtu yeyote kuuza chochote kwa yeyote. Nilipanga chumba hapa Mpemba katika nyumba ya vyumba sita, matofali ya kuchoma, bati juu, dari hakuna. Kuta ziliishia kichwani pa mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakwambia "afya!" Wengine walilalamika, ila mimi niliona nimepata bahati. Ni mtu wa kutaka kujua tangu utoto, na ile nyumba ilinipa maongezi ya familia tano bila kusogea kitandani. Nilijua nani amegombana na mumewe, nani anadaiwa na kanisa, na nilijua kwamba kila siku kabla hakujapambazuka, upande wa pili wa ukuta wangu, mwanamke mmoja alisimama, akanong'ona maneno nisiyoyaelewa, kisha akasema kwa Kiswahili kitamu, "Haya, Mola, leo nisaidie na hawa Wazambia."

Huyo ndiye Bi Zuhura. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini na tano, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na aliuza dagaa wakavu na kamba wakavu pale Tunduma mpakani. Wazambia walivuka kuja kununua. Dagaa wao waliwaita kapenta. Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi kwa madereva wa malori, na kwa kukaa nao nilishaokota Kibemba cha kuombea maji na cha kutukania. Siku moja nilimtetea mbele ya mteja aliyekuwa akimwambia jambo kwa Kibemba naye anatabasamu tu, hajui kwamba anatukanwa. Jioni alinigongea mlango. "Mwanangu, maandazi yako magumu," akasema. "Acha hiyo kazi, uje tuuze wote." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, na kuhusu maandazi alisema kweli.

Jioni hiyo nilikula chumbani kwake mara ya kwanza. Kitanda alikuwa amekiinua juu ya matofali ili mizigo ikae chini yake, msala umekunjwa kwenye kigoda, kanga imetundikwa dirishani kuzuia vumbi la barabara kuu, na harufu ya dagaa ilikuwa nzito kiasi kwamba baada ya robo saa nilianza kuipenda. Alipika kamba kwa nazi iliyoletwa na dereva fulani kutoka Dar, tukala kwa ugali wangu. Nikamtoa mmoja kwenye bakuli nikamtazama miguu, masharubu, macho. "Bi Zuhura," nikauliza, "panzi hawa wanapatikana kwenye mahindi au kwenye majani?" Alicheka hadi akaweka bakuli chini. Ukutani kwa jirani nako wakacheka, maana walikuwa wanasikiliza. Basi akaanza kunieleza, na kila alilosema lilinifanya niulize jingine. Kamba wanatoka majini. Majini wapi? Kwenye mikoko. Mikoko ni nini? Ni miti inayosimama ndani ya maji ya bahari, kwenye tope, na watoto wa kamba hujificha kwenye mizizi yake mpaka wakue. Mti ndani ya maji ya chumvi? Hapo nikamkatalia. Kwetu kisiki kikisumbua shambani tunakimwagia maji ya chumvi kife. Akaniambia ipo ya aina nyingi, mkoko wenyewe ambao mizizi yake hushuka toka juu, kama mtu aliyepandisha nguo avuke mto, na upo mchu, ambao hujitoa chumvi kwa jasho, ukilamba jani lake asubuhi unalamba chumvi. "Wewe umelamba?" "Kila mtoto wa kwetu amelamba." Nilirudi chumbani nikiwa na hakika kwamba nimepata rafiki mwongo kuliko watu wote, na nikafurahi.

Safari iliyofuata aliniletea ushahidi. Ilikuwa mbegu ya mkoko, ndefu kuliko mkono wangu kuanzia kiwiko, kijani, imechongoka chini. Akaniambia mti ule hauangushi mbegu kama mahindi au kahawa, bali huilea huko huko juu hadi ichipue, na siku ikidondoka inachoma tope na kusimama. Niliipanda kwenye ndoo. Nilichota tope kule kijitoni, nikaweka maji na chumvi ya mezani, na kila asubuhi nilichovya kidole nionje kama bahari yangu imekolea. Nyumba nzima ilikuja kuitazama. Mama mwenye nyumba, Mnyamwanga mnene aliyetuogopesha sote, aliizunguka ndoo mara mbili kisha akasema, "Mwe! Esta, sasa umeanza kupika miti?" Ilitoa majani mawili. Baridi ya mwezi wa sita ikaja, yakawa meusi, ikafa, nami nikaimwaga kwenye shimo la taka na kuomboleza kama mtu aliyefiwa na kuku. Leo wajukuu wangu wanaweza kuona mikoko kwenye simu, mara moja, na kuendelea na mambo yao. Mimi niliijua kwanza kwa ulimi wa mtu, na huwa nafikiri kitu ulichosimuliwa hivyo unakibeba tofauti, ila pia unaweza kudhani unakijua kumbe hukijui.

Baada ya mvua za mwaka ule ndipo ilipokuja asali. Bi Zuhura alirudi kutoka kwao na madumu manne ya lita ishirini, akayaingiza chini ya kitanda kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka mpagazi ayaguse. Kisha akanikalisha na kunieleza bila mzaha hata kidogo. Kijijini kwao alikuwa amekuja mfanyabiashara wa boriti mwenye kibali, akitaka kukata mikoko pande zote mbili za kijito chao. Wanaume wengi walitaka, kwa sababu boriti ni kazi ya leo na chakula cha leo, na wazee walikuwa karibu kukubali. Wanawake wakasimama. Wakasema miti ile ikiondoka kamba wataondoka, na maji ya chumvi yatapanda hadi kwenye majaruba ya mpunga. Wazee wakawauliza: miti ikisimama itawalisha nini, maana kamba nao siku hizi ni wachache? Wakajibu: asali. Nyuki wanapenda sana maua ya mchu. Wakatundika mizinga, wakarina, na wazee wakawapa muda hadi mwisho wa kiangazi walete mnunuzi wa kweli, si maneno. Madumu yale manne yalikuwa mavuno yao yote. Bi Zuhura ndiye peke yake katika kikundi aliyekuwa akifanya biashara mbali, basi wakamkabidhi. "Nikirudi na mnunuzi, shoka linarudi lilikotoka," akasema. "Nikirudi mikono mitupu, wanakata pande zote." Akanionjesha kwa kijiko. Ilikuwa nyepesi, ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, iliyozidi maji, tamu, na nyuma ya utamu kulikuwa na chumvi kidogo, kama mtu aliyelia kisha akanywa maji ya sukari. Nilisema nzuri. Moyoni nilisema, mh.

Wiki mbili baadaye alilazimika kushuka Dar kufuata dagaa, akaniachia asali. "Iuze hivyo ilivyo," akaniambia mlangoni. "Usiongeze kitu, usipunguze kitu." Nikaapa. Asubuhi yake nikabeba dumu moja hadi Tunduma, nikamfuata Bana Chanda, mama wa Kizambia aliyekuwa na duka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na aliyenunua kwetu kapenta kila wiki. Mwanamke wa haki, mwenye kitambaa kikubwa kichwani na mkoba aliokuwa akiukumbatia kama mtoto mchanga. Asali ya huku aliijua, ile ya miombo, nyeusi, nzito, ukigeuza kijiko inafikiria kwanza kabla ya kushuka. Akachukua njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye asali yangu, akaiwasha. Haikuwaka. Akadondosha tone kwenye karatasi, karatasi ikalowa. Akaonja, akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko tusi. "Awe, mama, hapana," akasema. "Ubuchi bwa mucele? Asali ya chumvi? Mwambie mama yako wa pwani, mimi ananiuzia kapenta mzuri. Kwa nini sasa anaweka maji, anaweka na chumvi?" Nikamweleza habari za mchu unaojitoa chumvi kwa jasho. Nikajisikia mwenyewe nikieleza, na jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuonekana uongo. Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza.

Kama mchezo, jioni yake habari ilishafika Mpemba kabla yangu. Nilikuwa nimelala nikitazama bati, na juu ya ukuta maneno yakaja. Mama mwenye nyumba alikuwa akiongea na mkewe fundi cherehani. "Watu wa pwani hawa, weka akiba ya maneno," alisema mke wa fundi. "Sala tano kwa siku na asali ya maji." Mama mwenye nyumba akajibu, "Mimi simsemi. Ila asali inayoloanisha karatasi, hiyo si asali, ni uji." Wakacheka. Sikuwahi kuwa na hasira namna ile. Hasira ingekuwa juu yao tu isingenidhuru, lakini ndani yake kulikuwa na aibu pia, maana hata mimi nilikuwa nimesema mh. Bi Zuhura alikuwa ananidai imani na sikuwa nayo yote. Na lile neno uji likaniganda kichwani. Kwetu Itaka, kama kuna jambo moja ambalo kila mwanamke anamfundisha binti yake kabla hata ya sala, ni hili: kitu kikiwa chepesi, kirudishe jikoni. Uji wa ulezi mwepesi, jikoni. Togwa imekataa, jikoni. Mchuzi wa maharage unaogelea, jikoni, na moto uwe mdogo, na usiache kukoroga. Nimeambiwa nisiongeze kitu, nikawaza, na moto si kitu. Nikalala vizuri sana.

Asubuhi nikawasha majiko mawili ya mkaa uani, nikaazima sufuria kubwa ya harusi. Nilichemsha asubuhi mpaka jioni, siku mbili mfululizo, nikikoroga kwa mwiko mrefu, macho yakinitoka machozi kwa moshi, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliimba nyimbo za kwaya. Ilipanda povu, ikashuka, ikaanza kuwa na rangi ya kahawa, ikawa nzito. Majirani walikuja na vijiko. Mama mwenye nyumba mwenyewe alionja, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa hii ni asali," akasema, na kwa kuwa nilimwogopa, sifa yake ilinilewesha. Nilipika madumu matatu. La nne nililiacha kwa sababu mkaa uliisha, si kwa sababu ya busara yoyote. Siku ya tatu Bana Chanda alichovya njiti, ikawaka. Akanipa mkono, akachukua dumu moja. Nikatembea kurudi Mpemba nikipanga jinsi nitakavyomsimulia Bi Zuhura, nikichagua hata mahali pa kunyamaza kidogo ili anisifu.

Bana Chanda alirudi kwangu pale Tunduma baada ya siku nne, na dumu lake limebebwa na kijana kichwani. Asali ilikuwa imekauka humo ndani kama lami ya barabarani. Hakupiga kelele. Alivunja kipande kwa kisu, akakiweka mkononi mwangu, nikakitia mdomoni: uchungu, halafu ungua ungua, halafu chumvi, ambayo sasa ilikuwa imezidi kwa kuwa maji yalikwenda na yenyewe ikabaki. Nikamrudishia fedha zake. Nilipofika nyumbani nikafungua madumu mengine mawili, nayo yalikuwa hivyo hivyo. Nikayaingiza yote matatu chini ya kitanda cha Bi Zuhura, nikayafunika na gunia, kana kwamba kufunikwa kungeyasaidia.

Bi Zuhura alifika siku ya pili yake, na hakufika peke yake. Kwenye basi alikuwa amekaa na mfanyabiashara mmoja mwenye duka Lusaka, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyezaliwa Lindi na kuhamia Zambia akiwa kijana. Njia nzima walizungumza habari za pwani. Alipotajiwa asali ya mchu, akasema hajaionja tangu utoto wake, na akashuka Mpemba kwa makusudi aione. Sikupata hata nafasi ya kumwambia Bi Zuhura salamu. Alikwishainama, akavuta dumu la mbele, ambalo kwa kudra lilikuwa lile lisilopikwa, akammiminia kwenye kisahani cha chai. Mzee akachovya kidole. Akafumba macho nyuma ya ile miwani. "Chumvi ipo," akasema polepole. "Ndiyo yenyewe. Dada, nitachukua hii, na nitachukua kila mwaka kama itakuja hivi hivi. Unayo kiasi gani?" Bi Zuhura akajibu kwa furaha, "Madumu manne," akavuta la pili, akatoa gunia, akafungua kifuniko. Harufu ikajaa chumba. Akaingiza kijiko, kijiko kikagonga. Akanitazama. Sijui nilikuwa na uso gani. Akamgeukia mzee. "Samahani, baba," akasema. "Moja."

Mzee alipoondoka na lile moja, Bi Zuhura aliketi sakafuni. Nikamweleza yote, njiti, karatasi, uji, jikoni. Nilipofika kwenye kuimba nyimbo za kwaya nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Yeye akanyanyua kipande cha asali ile nyeusi, akakiweka kwenye nuru ya dirisha, akasema, "Nyuki wamehangaika, eh?" Akalia. Ni mara ya pekee niliyomwona akilia.

Kesho yake akaniita niandike barua. Hakujaliwa kwenda shule, na barua zake zote kwa kikundi niliandika mimi, akazipeleka dereva aliyekuwa akishuka. Alikaa kitandani, mikono magotini, akatamka moja kwa moja kama aliyeyaandaa usiku. "Andika. Kwa Bi Salama, mwenyekiti wetu. Mnunuzi nimempata, wa Lusaka, na ameichukua kwa heshima. Lakini dumu moja tu. Matatu nimeyaharibu mimi Zuhura, kwa uzembe wangu, nimeyaweka karibu na moto. Nawaomba radhi." Nikasema, "Bi Zuhura, si wewe." Akasema, "Andika ninavyokwambia. Wewe hawakujui. Mimi wananijua, watanisamehe au hawatanisamehe, lakini wakisikia nimewakabidhi mali yao mtoto wa watu huko bara, na kaipika kama uji, watasema kikundi chote ni cha wajinga, na mwenye boriti atacheka." Alikuwa na akili kunizidi, na bila shaka alikuwa na haki. Nikainama, nikaandika. Niliandika mnunuzi wa Lusaka, niliandika dumu moja, na nilipofika kwenye matatu kalamu ikagoma. Nikaandika: matatu nimeyaharibu mimi Esta, Mnyiha wa Mbozi, ninayeandika barua hii. Zuhura aliniambia niyauze yalivyo nami nikayapika. Yeye hajui kwamba nimeandika hivi. Akaniambia, "Soma." Nikamsomea yale aliyoyatamka yeye. Ni uongo wa kwanza niliomsomea mtu aliyeniamini, na hadi leo sijaujutia, ingawa sikuufanya kwa ushujaa. Nilishindwa tu kuubeba uzembe wangu ukiwa umevaa jina la mtu mwingine.

Mwezi mzima ulipita kabla ya jibu. Tuliuza dagaa. Alinipikia, nikampikia, tukaongea mambo madogo. Kila dereva aliyesimama pale maegeshoni nilimchungulia mikono. Siku bahasha ilipofika, jina juu yake lilikuwa langu. Bi Zuhura hakujua kusoma lakini alijua kuhesabu, na akaona jina ni fupi kuliko lake. "Fungua," akasema. Ningeweza kuruka mistari. Niliifikiria kabisa, nikiwa nimeshaifungua, na yeye akinitazama mdomo. Nikasoma yote.

"Kwa Zuhura na kwa Esta. Barua yenu imesomwa mbele ya wazee baada ya sala ya Ijumaa. Dumu moja limetusemea, matatu yamenyamaza. Kwa hiyo wazee wamekata shauri: ng'ambo ya kijito, upande wa machweo, amepewa mtu wa boriti, na ameshaanza. Upande wetu wa macheo tumeachiwa sisi na mizinga, maadamu mnunuzi wa Lusaka yupo. Kuhusu huyo Esta aliyejitaja. Tumeulizana, je, amepata kuuona mchu kwa macho yake? Kama hajauona, basi sisi hatuna la kumlaumu. Wa kulaumiwa ni wewe, Zuhura, uliyempa mtu auze kitu asichojua kilikotoka. Mlete aje aone. Nauli tutaichanga."

Nilimaliza nikashindwa kuinua kichwa. "Mimi nilitamka moja, wewe ukaandika jingine," alisema Bi Zuhura. Nikasema ndiyo. Nikasikia jirani akishusha sufuria taratibu isigonge. "Soma tena pale pa macheo," akasema. Nikasoma tena. Akanitaka nirudie mara tatu, kisha akainuka akaenda kupika, na siku hiyo alinitilia mimi nazi yote.

Sikwenda. Ndilo jambo ambalo kwa miaka yote hii nimelizunguka. Mwisho wa mwaka ule niliolewa, mwaka uliofuata nikapata mtoto, na kila Bi Zuhura alipokuwa akishuka kwao alisema "twende", nami nikasema "mwakani". Asali ya mchu iliendelea kupanda kwenda Lusaka. Niliiuza mimi mwenyewe miaka mingi, na kabla ya kumwonjesha mtu nilimkalisha kwanza na kumweleza mti, jani, nyuki na chumvi, hata wateja wakaniita mwalimu. Nilieleza vizuri sana mti ambao sijauona. Nauli nilikuwa nayo. Nilichoogopa ni ule upande mwingine wa kijito. Nilijua kwamba nikifika, wale wanawake watanipokea kwa wali na kunipeleka kwenye mizinga, na mimi nitakuwa naangalia ng'ambo. Alipozeeka akarudi kwao moja kwa moja, na tukabaki watu wa simu.

Nimeandika hadi hapa Mwanaidi akaamka. Amekuja uani amejitanda blanketi, nikampa chai na magimbi, akala kwa adabu, akisifia kila kitu kama mgeni anavyopaswa. Kisha akasema, "Mama mdogo, jana basi lilipita mahali pameandikwa Mbozi. Nikachungulia. Mibuni, migomba, kijani kila upande. Nikashangaa peke yangu."

"Umeshangaa nini, mwanangu?"

"Kwetu nako kuna Mbozi. Ni kule ng'ambo ya kijito, upande wa machweo. Tope tupu, jua kali, mpunga wa nyuma yake uliliwa na chumvi zamani. Kina mama wanapanda mikoko pale kila mwaka, maji yanaing'oa, wanapanda tena. Mtoto akipotea jioni tunaambiwa katafuteni Mbozi. Tangu nazaliwa panaitwa hivyo. Nilimuuliza mama kwa nini, nikiwa mdogo na hata siku zake za mwisho akiwa kitandani. Kila mara alinijibu lile lile: hilo kamuulize mama yako mdogo."

Akaweka kikombe chini, akanitazama, akingoja.

"Ni mimi," nikamwambia. "Mbozi ya kwenu ni mimi."